Taa za 12V: resista, LM317, transista mbili au PT4115, kipi kinakula betri kidogo?

#1 Nusu_Ampea
Wakuu salaam, naingia moja kwa moja.

Mfumo ni huu: nyumba yenye taa nane. Kila taa ni LED tatu za wati 1 zilizofungwa mfululizo juu ya kibati cha alumini, mkondo 300mA. Kwa mkondo huo LED moja inashika volti 3.2, tatu ni 9.6. Betri ni ya maji ya 12V, inacheza kati ya 11.5 na 14.4.

Dai langu ni kwamba resista ya ohm 10 inatosha. 12.6 toa 9.6 inabaki 3, gawa kwa 10 unapata 300mA. Ufanisi ni 9.6 kwa 12.6, yaani asilimia 76. Draiva ya kuswichi kama PT4115, inayowasha na kukata mkondo haraka badala ya kuchoma volti zilizozidi, itanipa 94 hivi, lakini ina koili, dayodi na aisi (chipu), na kila kimoja kinaweza kufa. Hizo asilimia 18 za juu zina thamani ya usumbufu huo? Anayepinga aje na namba. Habari za "nasikia" abaki nazo.

#2 Mchomeleaji
Namba hizo hapo. Hesabu yako ni sahihi kwenye volti 12.6 tu. Betri ikifika 14.4, LED hazibaki 9.6, zinapanda kidogo hadi kama 10.05. Inabaki 4.35 kwenye ohm 10, sawa na 435mA. Resista inachoma wati 1.9. Ukiweka ya wati 2 utaisikia harufu. Weka ya saruji ya wati 5, na usiiegemeze kwenye plastiki.

Upande wa chini, kwenye 11.5 LED zinashuka hadi 9.3 hivi, inabaki 2.2, sawa na 220mA. Mkondo unacheza kutoka 220 hadi 435, karibu mara mbili. Hiyo ni taa inayofuata betri inakotaka, wala usiite draiva.

#3 ChumaUleteVolti
Mchomeleaji, nani anawasha taa saa saba mchana? 14.4 ni ya jua kali. Taa zinawaka usiku, betri iko 12.6 kushuka 12.0. Kwenye 12.0 resista inatoa kama 260mA na ufanisi unapanda hadi 78. Resista inakuwa bora kadiri betri inavyochoka. Mzee wa resista usikate tamaa.

#4 Mchomeleaji
Taa ya stoo na ya choo huwashwa hata mchana, tena husahaulika. Na ngoja siku terminali ya betri ilegee au fyuzi ya betri ikatike huku paneli inachaji. Kontrola nyingi za bei ndogo zinaiachia volti ya paneli ipite hadi kwenye taa, na paneli ya "12V" bila mzigo ni volti 21 hadi 22. Toa 10 za LED, zilizobaki 12 zigawe kwa ohm 10: zaidi ya ampea 1 kwenye LED ya 350mA. Taa nane zinakufa kwa pamoja.

#5 Mama Wati
Kabla hamjaenda mbali, tubadilishe asilimia ziwe Ah (ampea mara saa), maana betri haijui asilimia.

Resista au kitu chochote cha mstari (kinachochoma volti zilizozidi kuwa joto): mkondo unaotoka betri ndio huo huo unaopita LED, 0.3A. Taa 8 kwa saa 5 ni 12Ah.

PT4115 yenye resista ya kupimia (inayopanga mkondo) ya ohm 0.33: LED zinapata 303mA, wati 2.91. Kwa ufanisi wa 94 inavuta wati 3.1, yaani 0.246A kutoka 12.6. Taa 8 kwa saa 5 ni 9.8Ah.

Tofauti ni 2.2Ah kwa usiku mmoja. Betri ya maji ya 50Ah hupaswi kuinywa zaidi ya nusu, kwa hiyo una 25 za kutumia. 2.2 ni karibu asilimia 9 ya hizo. Kwa siku mbili za mawingu mfululizo tofauti hiyo inaonekana, kwa siku za jua hutaijua.

#6 Bwana Fyuzi
Na LM317, ile aisi ya mstari ya kudhibiti volti, je? 1.25 gawa kwa resista, vipande viwili tu, na mkondo hauchezi.

#7 Mchomeleaji
LM317 kwa kazi hii ni mtego, mkuu. Inadai 1.25 kwenye resista ya kupimia na kama 1.7 yenyewe ndani, jumla karibu 3. Ukijumlisha 9.6 unapata 12.6. Chini ya hapo haishiki tena mkondo, inafuata betri kama resista ya kawaida. Sasa usiku betri iko wapi? Chini ya 12.6! Umeweka mlinzi anayelala saa ya wizi.

Faida yake ni ile 14.4 na ile 22 ya paneli. Inalinda LED, ingawa inapika: 12 mara 0.3 ni wati 3.6, kwa hiyo inataka bati la kupoza joto. Ufanisi ni ule ule wa resista. Ukiitumia, weka ohm 4.3, utapata 290mA, resista ya nusu wati inatosha.

#8 Stimaless
Niko upande wa Kenya, huku mafundi wengi wa sola wameacha LM317 kwa 12V. Transista mbili zinadai volti chache kuliko LM317. Mchoro kwa maneno:

Chanya ya betri inaingia juu ya LED. Chini ya LED inaingia drein ya mosifeti (IRFZ44N inatosha, ni kubwa kupita kiasi lakini iko kila duka). Sosi ya mosifeti inashuka kwenye resista R hadi hasi. Geti inavutwa juu kwa 10k kutoka chanya. BC547 (transista ya pili): besi yake kwenye sosi ya mosifeti, emita kwenye hasi, kolekta kwenye geti. Volti ya R ikifika 0.6, BC547 inafunguka na kuibana geti. Mkondo ni 0.6 gawa kwa R. Kwa 300mA weka ohm 2.

Jumla inadai kama 0.7 tu. Kwa LED zako 9.6 inashika mkondo hadi betri ikifika 10.3, na hapo betri yenyewe ilishakufa. Vipande vyote vinne haviwezi kukushinda.

Kosa la kawaida ni kubandika BC547 karibu na bati la LED. Ile 0.6 inashuka milivolti 2 kwa kila nyuzi 1 ya joto. Ikipanda kutoka nyuzi 25 hadi 60 inabaki 0.53, mkondo unashuka asilimia 12. Wengine wanaiweka hapo makusudi kama kinga ya joto, sibishani nao.

#9 Nusu_Ampea
Asante Stimaless. Lakini bado unachoma 3V zile zile. Ufanisi 76, sawa na ohm 10 yangu ya bei ya peremende.

#10 Stimaless
Kweli, kwa betri ya maji na LED tatu. Dawa ni kuongeza LED ya nne, na betri iwe LiFePO4 (ya lithiamu). Hiyo inakaa 13.0 hadi 13.3 karibu usiku kucha, haishuki polepole kama ya maji. LED nne kwa 150mA zinashika kama 2.95 kila moja, jumla 11.8. 11.8 kwa 13.2 ni asilimia 89, bila koili, bila kelele kwenye redio. R iwe ohm 3.9.

#11 ChumaUleteVolti
Hapo umetupiga chenga. LED tatu kwa 300 zilikuwa "900" kwa jumla, wewe umeleta nne kwa 150, ni "600". Umepunguza mwanga theluthi halafu unajisifu kuwa betri inadumu. Hata mshumaa unaokoa umeme.

#12 Stimaless
Haya, nimeumbuliwa kihalali. Weka nyuzi mbili za LED nne nne, kila moja ohm 5.6, yaani 107mA kila uzi. Jumla 856, umekaribia 900. LED kwa mkondo mdogo hivyo inashika 2.9, jumla 11.6. Betri inatoa 0.214A kwa 13.2, ni wati 2.8. PT4115 ya Mama Wati inavuta 3.1 kwa mwanga wa aina hiyo. Kwa hiyo mstari umeishinda swichi.

#13 Mama Wati
Umelinganisha LED nane na LED tatu, halafu ushindi ukaupa transista. Ushindi ni wa LED. Nipe na mimi nane hizo hizo: nyuzi mbili sambamba kwenye PT4115 moja, resista ya kupimia 0.47, inatoka 213mA. 11.6 mara 0.213 ni wati 2.47. Gawa kwa 0.94 ni 2.63. Bado niko chini yako kwa kama wati 0.2 kila taa.

Ila nakubaliana na wewe kwenye jambo moja, na wengi hapa wanalikosa. LED ikipewa mkondo mdogo inashika volti ndogo, 3.2 inakuwa 2.9 au 3.0, na inatoa lumeni nyingi zaidi kwa kila miliampea. Kabla hujagombania asilimia za draiva, ongeza LED na upunguze mkondo. Mfano unaojulikana ni zile taa ambazo Philips ilizitengenezea Dubai mwaka 2016: lumeni 200 kwa wati, ile ya wati 3 inatoa lumeni 600. Ndani ukifungua unakuta filamenti nyingi zinazolishwa mkondo kiduchu. Siri kubwa iko hapo.

#14 Bwana Fyuzi
Nyuzi mbili sambamba kwenye draiva moja? LED hazifanani. Uzi mmoja utakula 120 mwingine 90. Ukikatika mmoja, wa pili unabeba 213 peke yake.

#15 Mama Wati
213 kwa LED ya 350 haiui. Ndiyo maana nimeanza na mkondo mdogo. Kwa 300 kila uzi nisingethubutu. Ukitaka zigawane sawasawa, tia ohm 1 kwenye kila uzi, unapoteza 0.1V.

#16 KoiliKavu
Nimefuatilia kimya, nina swali lenye namba. PT4115, betri 12.60 kwenye terminali, mkondo unaoingia 0.262, LED 9.55, mkondo wa LED 0.297. Inaingia wati 3.30, inatoka 2.84, ufanisi asilimia 86. Hiyo 94 mnaitoa wapi? Datashiti inasema hadi 97, mimi naona 86. Aisi ni feki?

#17 Mchomeleaji
Kabla ya kulaumu aisi, multimita ziko wapi kwenye saketi na ziko kwenye renji gani?

#18 KoiliKavu
Mbili, moja upande wa kuingia na moja upande wa LED. Zote mA.

#19 Mchomeleaji
Umeipata hapo. Renji ya mA ina shunti (resista ya kupimia mkondo) na fyuzi ndogo ndani, kwa 300mA inaweza kula karibu nusu volti. Sasa hesabu upya:

Upande wa kuingia: draiva haikupata 12.60, ilipata kama 12.1. 12.1 mara 0.262 ni 3.17.
Upande wa kutoka: draiva ilisukuma LED pamoja na mita yako. 9.55 na 0.5 ni 10.05, mara 0.297 ni 2.98.
2.98 kwa 3.17 ni asilimia 94.

Mita mbili zimekula asilimia 8. Tumia renji ya 10A, au weka resista ya ohm 0.1 ya asilimia 1 na usome milivolti zake. Volti pima kwenye miguu ya draiva yenyewe, sio kwenye betri. Na mita ya kuingia ikae kabla ya kapasita ya elektroliti, la sivyo inasoma mkondo unaokatikakatika na kukuzushia.

#20 KoiliKavu
Aisee. Nimerudia kwa ohm 0.1, inakuja 92. Na hizo mbili zilizobaki?

#21 Stimaless
Koili gani? Kama ni ile inayofanana na resista, yenye mistari ya rangi, ndiyo hiyo. Waya wake ni mwembamba, ukinzani unaweza kufika ohm 1 kwa 68µH. 0.3A mara ohm 1 ni 0.3V, asilimia 3 zimekwenda. Tena zinashiba mapema, yaani sumaku yake inafika kikomo. Koili ikishiba, mkondo unaruka juu ghafla, aisi inapata moto na LED zinawaka huku zinatetemeka. Chukua ya 68µH ya duara yenye ganda, iandikwe angalau ampea 0.6 kabla ya kushiba, ukinzani chini ya ohm 0.2.

Na dayodi iwe Schottky (aina ya kasi), SS24 au SS34. Mtu akikuuzia 1N4007 kwa kazi hii mrudishie. Saketi inaswichi kilohezi 300 na zaidi, 1N4007 haiwahi kufunga.

#22 Mama Wati
Kwa wanaosoma na wanataka kujenga, PT4115 ya miguu mitano: mguu 1 ni swichi, 2 hasi, 3 ni wa kufifisha, 4 upande wa LED wa resista ya kupimia, 5 chanya. Resista ya kupimia inakaa kati ya mguu 5 na 4, kutoka mguu 4 inakwenda chanya ya LED. Hasi ya LED inaingia koili, koili inaingia mguu 1. Dayodi: anodi mguu 1, kathodi chanya. Mkondo ni 0.1 gawa kwa resista.

Yanayoharibu mara nyingi:
– Kuunga hasi ya LED kwenye hasi ya betri au kwenye bati. Hapa hasi ya LED *inaelea*, inapita koili kwanza. Ukiigusisha, mkondo unapita bila kuzuiwa na chochote isipokuwa 0.33, na LED zinakwenda.
– Kusahau kapasita ya 100µF 35V karibu na aisi. Waya mrefu kutoka betri nao ni koili, ukiwasha swichi volti inaruka juu ya 30, ambayo ndiyo mwisho wake.
– Mguu 3 kuuacha wazi ni sawa, taa inawaka kamili. Ila ukiuvuta chini ya 0.3V taa inazima, na unyevu au lehemu chafu inaweza kufanya hivyo.

#23 ChumaUleteVolti
Swali la kizushi: nikitaka LED moja tu, ya chooni?

#24 Mchomeleaji
Hapo resista inaaibika. 3.2 kwa 12.6 ni asilimia 25, robo tatu ya umeme ni joto. PT4115 nayo haifiki 94 kwa LED moja, maana muda mwingi mkondo unapita kwenye dayodi yenye 0.4V yake. Tarajia kama 85. Datashiti za 97 ni za nyuzi ndefu na volti zilizokaribiana.

#25 Nusu_Ampea
Kwa hiyo mnakubali: volti zikikaribiana, tofauti ya mstari na swichi inapungua. Hilo ndilo nililosema mwanzo.

#26 Mchomeleaji
Ulisema "resista inatosha". Sio kitu kimoja.

#27 WayaMwekundu
Mnagombania asilimia 5 huku waya unakula 7 na hakuna anayeutaja. Waya wa 1.5mm² wa shaba ni ohm 0.0121 kwa mita. Mita 15 kutoka betri, kwenda na kurudi 30, ni ohm 0.36. Taa nane za mstari mwisho wa waya huo ni 2.4A, zinapoteza 0.87V. Hiyo ni asilimia 7 kabla umeme haujaona draiva. Weka 2.5mm² inashuka hadi 0.53V. Na huo ni waya wa shaba halisi. Ule wa alumini uliopakwa shaba, kwangua kwa kisu uone weupe ndani, zidisha mara moja na nusu.

#28 Stimaless
WayaMwekundu, kwa mfumo wa mstari waya haupotezi chochote cha ziada! Ile 0.87 ingechomwa na transista hata hivyo, mkondo ni ule ule 2.4A. Umehamisha joto kutoka kwenye transista kwenda ukutani tu. Alimradi inabaki volti ya kutosha kushika mkondo.

#29 WayaMwekundu
Ngoja... hapo umenikamata. Kwa resista ya Nusu_Ampea lakini taa zitafifia, na za mbali zitafifia zaidi ya za karibu. Na kwa PT4115 hasara ni halisi, kwa sababu volti ikishuka inavuta mkondo zaidi kufidia. Kwa hiyo faida ya 2.2Ah ya Mama Wati inamegwa na waya. Sio yote, sehemu.

#30 Mama Wati
Sehemu, nakubali. Swichi taa nane ni 2A, sio 2.4. 2 mara 0.36 ni 0.7V. Tumia 2.5mm² tuache ugomvi.

#31 Bwana Fyuzi
Kwani msinunue inveta na balbu za 230V? Balbu ya wati 3 iko dukani, draiva iko ndani, habari imekwisha.

#32 Mchomeleaji
Angalia nyuma ya inveta imeandika inakula ngapi bila mzigo. Ndogo nyingi ni 0.3 hadi 0.8A. Chukua 0.6: kwa saa 5 ni 3Ah za kuiwasha tu, zimepita ile 2.2 tunayoigombania tangu asubuhi.

Halafu balbu nyingi za bei ndogo ni za kapasita, yaani kapasita ndiyo inayobana mkondo. Inveta ya mawimbi ya mraba inapanda ghafla, na mkondo wa kapasita unafuata kasi ya volti kupanda. Kila mpando ni pigo. Resista ya kuingilia ya ohm 47 au 100 inabadilika rangi, halafu inakatika.

#33 KoiliKavu
Hizo za kapasita kwenye umeme wa gridi ufanisi wake ukoje? Nasikia 1µF inatoa 72mA.

#34 Stimaless
72 ni kama ukiunga kapasita peke yake kwenye 230. Ukishaweka daraja la dayodi na LED za volti 100, hesabu ni: 4 mara 50 mara µF mara (325 toa volti za LED). 4×50×0.000001×225 ni 45mA. Wengi wanakosea hapa, wanapata mwanga mdogo, wanaongeza kapasita.

Ufanisi wenyewe sio mbaya, kapasita haichomi umeme, inaurudisha. Kibaya ni pawa fakta (wati halisi gawa kwa VA, yaani volti mara ampea). Kapasita iwe ya X2 (aina salama kwa umeme wa gridi), 275V, na sambamba nayo 1M ya kuimwaga chaji, la sivyo plagi ikichomolewa itakupiga. Na usisahau LED zote ziko hai na gridi, hazijatengwa. Usiguse kibati taa ikiwaka, hata mguso wa kupima joto.

#35 Bwana Fyuzi
Pawa fakta mbaya ndiyo inayomaliza LUKU haraka!

#36 Mama Wati
Hapana. LUKU ya nyumbani inahesabu uniti, yaani kWh, haihesabu mkondo unaokwenda na kurudi. Balbu ya wati 3 yenye pawa fakta 0.3 inakatwa wati 3. Anayeumia ni jenereta ndogo, inveta na waya, maana wao wanabeba VA 10. Na kale kamita ka kuchomeka ukutani kanaweza kukudanganya kwa mizigo midogo ya namna hiyo.

#37 WayaMwekundu
Ziko pia balbu zisizo na kapasita wala koili, bodi ina LED nyingi na aisi ya mstari kama SM2082, 0.6 gawa kwa resista. Uzi wa LED unafika volti 250 na zaidi, kwa hiyo volti ziko karibu, ufanisi mzuri. Tatizo ni vijijini umeme ukishuka 170. Kilele ni 240, LED zinataka 250, taa inazima au inapepesa. Ya koili kama BP2831 hapo inaendelea kuwaka. Dawa ya mafundi kwa zote: kwenye bodi kuna resista mbili ndogo sambamba za kupimia. Toa yenye ohm kubwa zaidi. Mfano BP2831 ni 0.4 gawa kwa mara mbili ya R: 3.9 na 4.3 sambamba zinatoa 98mA, ukitoa 4.3 inabaki 51mA. Mwanga haushuki nusu, joto linashuka nusu, na kapasita ya elektroliti inapumua. Kila nyuzi 10 za joto pungufu, maisha yake mara mbili. Chomoa kabisa kwenye umeme na subiri kapasita imwage.

#38 Mama Wati
Hiyo nimeipenda, inarudi kule kule kwenye mkondo mdogo.

#39 Nusu_Ampea
Nimesoma zote. Betri sibadilishi, ni ya maji. Taa sita za ndani naweka PT4115 kwa 0.47 na LED tatu tatu, 213mA, mwanga unanitosha. Mbili za nje za kulala zikiwaka, transista mbili kwa 100mA.

#40 Stimaless
Umegeuza. Za nje ndizo zinawaka saa 12, hapo ndipo swichi ingelipa. Za ndani saa 5 tu.

#41 Nusu_Ampea
Za nje ziko juu ya bati, mvua na jua. Sitaki koili na elektroliti huko. Saa 12 kwa 100mA taa mbili ni 2.4Ah, swichi ingeniokoa 0.5. Sipandi ngazi kwa 0.5.

#42 ChumaUleteVolti
Mzee wa resista amenunua koili sita. Tuweke tarehe.

#43 KoiliKavu
Nauliza, PT4115 sita zikiwaka pamoja redio ya FM inavuma. Ni zote au moja?

#44 Mchomeleaji
Zima moja moja ujue. Yenye waya mrefu kati ya aisi na dayodi ndiyo yenye makelele. Dayodi, mguu 1 na kapasita ziwe ndani ya sentimita moja, tia na 100nF ya kauri sambamba na ile 100µF. Ikigoma, pitisha waya zote mbili za kuingilia mara tatu nne kwenye duara la feraiti, hata lile la kebo ya monita iliyokufa.

#45 Stimaless
Au weka transista mbili.